Mume kapunguzwa kazi Uingereza, mke visa yake hairuhusu pesa za umma: mnaweza kuomba nini?

Swali la msomaji:

"Shikamoo mshauri. Tunaishi Reading, mimi, mume na watoto wawili, wa 2014 na wa 2019. Mume ni raia wa hapa, mimi niko kwa visa ya mwenza na imeandikwa 'no public funds'. Mume alikuwa ghalani miaka 6, mwezi uliopita wamempunguza wakampa pauni 4,200. Mimi nafanya kea (kuhudumia wazee na wagonjwa) masaa machache, mkononi napata kama pauni 1,000 kwa mwezi. Kodi ya nyumba 900. Akiba yetu ni pauni 2,900, na kwenye akaunti yangu kuna 5,400 za kikundi chetu cha akina mama, mimi ndo mweka hazina. Tuna kiwanja Bagamoyo, pia mume ana nyumba Muheza anakaa mama yake wa miaka 74. Watu wananiambia tukiomba benefit (misaada ya serikali) visa yangu inafutwa. Wengine wanasema tuhamishie pesa kwa kaka yangu kwanza. Na kuna dada jirani hana mume, ana watoto wawili, anapata kuliko sisi, je tukiandika tumeachana? Naomba unisaidie, silali."

Marahaba dada yangu, na pole sana. Nimelisoma swali lako mara mbili kabla ya kuanza kujibu, manake ndani yake kuna maswali kama matano na moja limeyakalia mengine yote, hiyo hofu ya visa. Tuanze hapo hapo.

Visa yako haifutwi kwasababu mume wako ameomba msaada. Yale maneno kwenye visa yako yanakubana wewe, hayambani yeye. Yeye ni raia na ana haki ya kuomba kama raia mwingine yeyote, na kanuni za uhamiaji zenyewe zinasema mwenza hahesabiwi kuwa ametumia pesa za umma eti kwasababu tu anaishi na mtu anayezipokea. Kinachokatazwa ni nyongeza, yaani mume alipwe zaidi kwa ajili ya uwepo wako. Na Universal Credit, msaada wa serikali kwa kaya zenye kipato kidogo, imeshaliona hilo, mume anaomba, anaandika wazi kabisa kwamba ana mke na mke ana visa ya aina hii, wao wanamlipa kiwango cha mtu mmoja badala ya kiwango cha mke na mume, basi nyongeza haipo. Ila mshahara wako na akiba yako vinaingia kwenye hesabu. Najua inauma, ukiwa na kitu unahesabiwa, ukiwa na shida huhesabiwi. Akina mama wengi wamekasirika mbele yangu kwa jambo hilo na wana haki ya kukasirika, lakini sheria ndivyo ilivyo na ni bora uijue leo kuliko uishangae kwenye barua.

Mambo mawili ya kuchunga hapo. Child Benefit, hela ya serikali ya kulelea watoto, iwe kwa jina la mume, siyo lako. Na punguzo la Council Tax, kodi ya halmashauri, linaombwa halmashauri, siyo kwa hawa wa Universal Credit, na lenyewe limo kwenye orodha ya pesa za umma, kila halmashauri ina mpango wake, kwahiyo kabla hamjaliomba muulizeni mshauri wa uhamiaji kama mpango wa kwenu hautamwongezea mume kitu kwa ajili yako.

Sasa ngoja nikueleze kitu ambacho watu wengi wanakichanganya na kinawapotezea hela. Mtu akipoteza kazi hapa kuna mifuko miwili, siyo mmoja.

Mfuko wa kwanza ni wa michango. Unaitwa New Style Jobseeker's Allowance, wengi wanasema JSA tu. Huu unatokana na ile National Insurance, michango ya bima ya taifa, iliyokuwa inakatwa kwenye mshahara wa mume, wanaangalia kama alichangia vya kutosha kwenye miaka 2 hadi 3 iliyopita, na mtu aliyekaa ghalani miaka 6 kwa mshahara wa kawaida mara nyingi anapita bila shida. Kwa mwaka wa fedha 2025/26 ilikuwa pauni 92.05 kwa wiki kwa mwenye miaka 25 na kuendelea, inalipwa kila wiki mbili, mwisho siku 182, kama miezi 6 hivi. Utamu wake ni kwamba hawaulizi mna akiba kiasi gani, hawaulizi mke anapata ngapi, hawaulizi kiwanja. Ni chake, alichangia.

Na nisikilize vizuri hapa maana hili hata washauri wengine huwa wanalisahau: mfuko huu wa michango haumo kwenye orodha ya pesa za umma zinazokatazwa kwenye visa yako. Kwahiyo hata wewe mwenyewe, siku ukipoteza hiyo kazi ya kea na kama umechangia vya kutosha, unaweza kuiomba kwa jina lako na visa yako haivunjwi. Nimekutana na watu waliokaa miezi 4 wakila akiba hadi ikaisha kwasababu mtu aliwaambia "wewe huruhusiwi chochote". Siyo kweli. (Wale wa visa ya kudhaminiwa na mwajiri, hasa mliokuja kwa kazi za kea, kwenu jambo kubwa ni visa yenyewe, mwajiri akikutoa, Home Office (wizara inayoshughulikia uhamiaji) wanaweza kukuandikia na kukupa siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka, hapo tafuta mshauri wa uhamiaji siku hiyo hiyo.)

Mfuko wa pili ndo huo Universal Credit, ulianza kusambazwa 2013 ukachukua nafasi ya misaada sita ya zamani. Huu haujali ulichangia nini, unaangalia kaya nzima: wangapi, kodi kiasi gani, kinaingia nini, mmeweka nini. Ndo maana majirani wawili wenye shida inayofanana wanapata hela tofauti kabisa na kila mmoja anadhani mwenzake kapendelewa. Mtu akipewa yote mawili, ile JSA inakatwa pauni kwa pauni kwenye Universal Credit, kwahiyo haikuongezei jumla, lakini inawahi kuingia, na ikitokea Universal Credit imekataliwa angalau JSA ipo.

Tufanye hesabu yenu sasa, natumia viwango vya 2025/26, hubadilika kila Aprili. Mume kama mtu mmoja mwenye miaka 25 au zaidi, 400.14. Mtoto wa kwanza kwasababu kazaliwa kabla ya Aprili 2017 ana kiwango cha zamani, 339. Wa pili 292.81. Kodi 900, nachukulia iko ndani ya kikomo cha kodi cha eneo lenu, kama imezidi wao wanalipa mwisho wa kikomo na tofauti mnaibeba nyie. Jumla 1,931.95. Sasa mshahara wako. Kwa familia yenye watoto na inayosaidiwa kodi, pauni 411 za kwanza haziguswi, zinazobaki wanakata senti 55 kwenye kila pauni. Wewe 1,000 toa 411 inabaki 589, makato yake ni 323.95. Inabaki pauni 1,608 kwa mwezi, kabla hatujagusa akiba.

Hapa nikuombe kitu, usije ukaacha kazi. Wapo wanaoambiwa "acha kazi upate zote". Kwenye kila pauni unayoingiza juu ya ile 411 unabaki na senti 45, siyo nyingi lakini ni yako, na kazi yako ina faida nyingine kubwa zaidi nitaisema mbele kuhusu visa.

Akiba. Chini ya pauni 6,000 hawaigusi. Kati ya 6,000 na 16,000 wanakata 4.35 kwa kila 250 au sehemu ya 250. Ikizidi 16,000 hakuna Universal Credit kabisa. Nyie mna 2,900, na ile 4,200 ya kupunguzwa kazi inahesabiwa kama akiba siyo mshahara, inakuwa 7,100. Alafu kiwanja, ndiyo, kiwanja cha Bagamoyo kinahesabiwa hata kama kiko bara lingine na hata kama hakina hata msingi. Wanachukua bei ambayo kingeuzika leo, wanatoa asilimia 10 ya gharama za kuuza, na deni kama kimewekwa rehani. Tuseme kinauzika kwa thamani ya pauni 5,000, kinaingia kama 4,500. Jumla 11,600. Makato hapo ni 100.05 kwa mwezi, kwahiyo badala ya 1,608 mnapata kama 1,508. Umeona? Bila kiwanja, 7,100 peke yake ingekatwa 21.75, kwahiyo kukitaja kiwanja kunawagharimu kama pauni 78 kwa mwezi, kukificha kunaweza kuwagharimu kudaiwa miaka na pengine kesi ya udanganyifu, ambayo ndo ingekuja kukuumiza wewe kwenye maombi ya visa. Andikeni.

Nyumba ya Muheza ni habari nyingine. Sheria inasema nyumba anayoishi ndugu wa karibu kama makazi yake, na huyo ndugu amefikisha umri wa pensheni wa hapa ambao mwaka 2025/26 ulikuwa 66, haihesabiwi. Mama mkwe ana 74, basi itajeni, semeni nani anaishi humo na umri wake, mkiwa na nakala ya kitambulisho chake cha taifa itasaidia sana.

Sasa pesa za kikundi, hapa ndo pananipa wasiwasi kuliko kwingine kote. Piga hesabu mwenyewe: 11,600 ukijumlisha 5,400 za akina mama unapata 17,000. Mmeshavuka 16,000, Universal Credit inakuwa sifuri, kwa pesa ambazo siyo zenu. Kisheria pesa unayowatunzia wengine siyo mali yako na haitakiwi kuhesabiwa, lakini mzigo wa kuonyesha hivyo uko kwako, wao wanaona akaunti ina jina lako basi.

Niliwahi kukaa na mama mmoja mweka hazina, kesi yake inafanana na yako, alikuwa ameshakataliwa. Nikamuuliza una ushahidi gani, akatoa kwenye mkoba daftari la shule la jalada gumu, limekunjika pembeni, kila ukurasa tarehe upande wa kushoto, majina, kiasi, na kila aliyetoa ametia sahihi na kalamu ya rangi tofauti tofauti kadri ya siku. Katikati kuna ukurasa wameandika kanuni za kikundi, nani anapokea mwezi gani. Tulitengeneza nakala ya kurasa zote, tukapanga kila kiasi kwenye daftari kando ya siku kilipoingia benki, wanachama wakaandika barua fupi wakasaini, tukaomba uamuzi uangaliwe upya. Ukabadilishwa. Kilichomuokoa ni lile daftari. Kama kikundi chenu kinaendeshwa kwa meseji za WhatsApp tu, leo hii anzeni daftari, hifadhini na hizo meseji msizifute, na fungueni akaunti ya pembeni isiyochanganyika na mshahara wako na hela ya maziwa, au mweka hazina awe mama mwingine ambaye haombi chochote. Msihamishe kwa kificho, fanyeni kwenye kikao, mwandike kwenye kumbukumbu kwanini na tarehe gani.

Hilo linanileta kwa kaka yako. Usimhamishie. Ukitoa mali ili uonekane huna, wanakuhesabia kana kwamba bado unayo, na wataiona maana wanaomba taarifa za benki. Kinachoruhusiwa ni kulipa madeni ya kweli na kununua vitu mnavyohitaji kwa kiasi. Kama mnadaiwa kodi ya mwezi uliopita au umeme, lipeni, tunzeni risiti. Na ile hela mnayotuma nyumbani kila mwezi, ya dawa za mama au ada ya mtoto wa ndugu, naisema kwa huruma kabisa, kwao haipunguzi kipato chenu hata senti. Mkae na mume mpige simu Muheza muwaambie ukweli kwamba kwa miezi hii itapungua. Wengi wanaona aibu kuisema wakaishia kukopa kwa riba ili watume.

Kuhusu jirani. Tuseme watoto wake umri sawa na wenu, kodi sawa, na hafanyi kazi kwa muda mrefu. Hesabu yake inaanzia pale pale 1,931.95, hana mshahara wa kukatwa. Lakini kuna kikomo cha jumla ya misaada, nje ya London ni pauni 1,835 kwa mwezi kwa mwenye watoto, na Child Benefit ya watoto wawili, kama 187.63, inaingia humo. Kwahiyo anakatwa mpaka Universal Credit yake inabaki 1,647. Ni kweli imezidi 1,508 yenu. Lakini yeye nyumba nzima anaendesha kwa 1,835, nyie mkijumlisha mshahara wako na Child Benefit mko karibu 2,695. Hakuna anachowazidi dada yangu, analea peke yake kwa hela kidogo. Na kijana wa chini ya miaka 25 anayekaa peke yake kwa viwango hivyo hivyo vya 2025/26 anapewa 316.98 tu, na akiwa chini ya 35 kwenye nyumba ya kupanga kwa mtu binafsi mara nyingi kodi wanamlipia kiasi cha chumba cha kuchangia. Familia zenye watoto watatu na zaidi zilikuwa haziongezewi kitu kwa mtoto wa tatu aliyezaliwa tarehe 6 Aprili 2017 au baada yake, kwenye bajeti ya Novemba 2025 serikali ilitangaza kuiondoa sheria hiyo kuanzia Aprili 2026, kwahiyo kama una rafiki aliyekataliwa kwa sababu hiyo mwambie aulize tena.

Kwahiyo hilo la kuandika mmeachana lifute kabisa. Ni udanganyifu, na kwako wewe ni hatari mara mbili: visa yako imesimama juu ya ndoa hiyo. Ukiiambia ofisi moja ya serikali mmeachana na nyingine mko pamoja umeikata miguu visa yako mwenyewe.

Na hapa ndo kwenye hatari halisi ya visa ambayo hakuna aliyekutajia. Siku ya kuongeza visa yako wataangalia kipato chenu, ni pauni 29,000 kwa mwaka kwa walioanza njia hii kuanzia tarehe 11 Aprili 2024, na 18,600 kwa walioomba kabla ya hapo na wanaendelea na mwenza yule yule. Mshahara wako wa hapa unahesabiwa pamoja na wa mume. Ndo maana nikakwambia usiache kazi, na kama unaweza kuongeza masaa ongeza. Angalia visa inaisha lini, kama imebaki chini ya mwaka nendeni kwa mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority, au wakili, siyo kwa mtu anayejaza fomu sebuleni kwake. Hali ikiwa mbaya hadi chakula kinakosekana kuna ombi la kuondoa yale maneno kwenye visa, halina ada, lakini linaweza kukuhamishia kwenye njia ya miaka 10 ya kupata ukaazi, kwahiyo usiligonge kabla ya kuongea na mtaalamu ana kwa ana.

Mjiandae pia na kusubiri. Malipo ya kwanza ya Universal Credit huja kama wiki 5 baada ya kuomba, na hawarudishi nyuma kirahisi, mmeshapoteza mwezi tayari kwa hofu. Kuna hela ya mapema mnaweza kuomba, ila ni mkopo, unakatwa hadi miezi 24. Ombeni ya kutosha kodi na chakula, msichukue yote kisa mmeruhusiwa. Mume atasaini makubaliano ya kutafuta kazi, inaweza kufika masaa 35 kwa wiki, na akikosa miadi bila sababu wanamkata, kwahiyo kila meseji ajibu. Wewe huombi, huna masharti hayo. Msiba ukitokea nyumbani mume anaruhusiwa kusafiri hadi mwezi mmoja bila malipo ya Universal Credit kusimama, na akifariki ndugu wa karibu unaweza kuongezwa mwezi wa pili kama kurudi ni vigumu, ila atoe taarifa kabla hajapanda ndege na aombe masharti ya kutafuta kazi yasimamishwe.

Kiingereza cha ofisini kikimpiga chenga aombe mkalimani wa Kiswahili, ni bure, aseme tu mwanzo wa simu. Msimkalishe yule mtoto wa 2014 kutafsiri mambo ya madeni na visa, nimeona watoto wakibeba hofu ya wazazi wao kwa njia hiyo na haiwatoki.

Wakikataa, mna mwezi mmoja kuomba uamuzi uangaliwe upya, alafu mahakama ya rufaa ya misaada, na hiyo haina ada. Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, wanaweza kuwasaidia na ombi la Universal Credit, kwa kesi yenye mke wa visa, kiwanja na pesa za kikundi nisingewashauri mjaze peke yenu usiku kwenye simu. Mume aanze na JSA kesho asubuhi, hiyo anaweza mwenyewe mtandaoni, alafu pigeni simu kuomba miadi ya hilo la pili wiki hii hii. Mkienda mbebe barua ya kupunguzwa kazi, payslip (hati za mshahara) zako za miezi mitatu, taarifa za akaunti zote, mkataba wa nyumba, karatasi za kiwanja, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na daftari la kikundi lisibaki nyumbani.